Mlango wa Nne Usitiwe Komeo

Walimu vijana, mnaoingia darasani mkiwa na viatu safi na kutoka mkiwa na chaki hadi kwenye nyusi, nawasalimu. Shikamoo zenu nimezipokea tangu mlipoanza kupita hapa kwangu jioni kuniuliza mambo. Nimeona badala ya kumjibu kila mmoja peke yake huku uji unaungulia jikoni, niandike mara moja, msome mkiwa na nafasi.

Aliyenichokoza ni mpangaji wangu, Neema, mwalimu wa darasa la tano, binti mwenye bidii na hasira kidogo. Alirudi kwenye semina ya mtaala akatupa mkoba kwenye kiti.

"Mama, eti tuwape watoto uhuru wa kuchagua namna ya kufanya kazi. Mmoja achore, mmoja aimbe, mmoja aandike. Darasa langu watoto wamebanana mpaka dirishani. Hao waliotunga jambo hili waliwahi kushika chaki?"

Nilicheka mpaka nikashika ubavu. Nilimwambia jambo hilo si geni, hata kama limerudi limevaa suti. Mimi nililikuta shule ya Mkula nilipoanza ualimu, kwa mzee mmoja aliyevaa buti za mpira masika na kiangazi, Mwalimu Gaudensi.

Mwalimu Gaudensi hakuwa na maneno makubwa. Akitaka kutoa kazi alichora ubaoni milango mitatu. Juu ya milango aliandika swali, moja tu. Chini ya mlango wa kwanza aliandika "Andika", wa pili "Chora au finyanga", wa tatu "Simama uwafundishe wenzako". Kila mtoto alichagua mlango wake, na mlango alioingilia haukumpunguzia wala kumwongezea alama. Mimi nilitoka chuoni nikijua kwamba kazi njema ni ile ambayo watoto wote wameandika kitu kilekile kwa mistari ileile. Nikamwuliza, "Sasa mwalimu, utasahihishaje? Huyu kaleta karatasi, huyu kaleta udongo."

Akanijibu, "Binti, wote nimewatuma mtoni. Mimi nakagua maji, sikagui ndoo."

Neno hilo nimelibeba miaka yote. Ukiuliza mbegu inaotaje, tafuta kama mtoto anajua mbegu inaotaje. Kama amechora jani limepinda, jani liache lipinde. Kama ameandika kwa mwandiko wa kuku lakini mzizi umetangulia kutoka, mpe haki yake. Neema akaniuliza kama hapo watoto hawatakimbilia mlango rahisi. Nikamwambia afanye yeye mwenyewe kwanza. Asimame mbele ya darasa aeleze mbegu kwa mdomo bila karatasi, halafu aniambie upi ni rahisi.

Lakini msije mkadhani nilielewa mara moja. Mwalimu Gaudensi alipostaafu, nami nikahamishiwa Mang'ula, nilijiona nimekomaa. Nikasema milango mitatu ya nini, mimi nitaondoa ukuta mzima. Nikawaambia darasa la nne, "Nionesheni kijiji chetu. Fanyeni chochote mnachotaka." Ndugu zangu, hayo maneno yaogopeni. Nusu ya darasa haikufanya kitu, maana mtoto ukimwambia chochote, hajui aanzie wapi. Wengine waliniletea mchoro mmoja ulionakiliwa nyumba kwa nyumba. Mmoja aliniletea kambale hai kwenye ndoo, akasema ndiye kijiji, kwa sababu babake ni mvuvi. Kambale akaruka, akapita chini ya madawati, na kipindi kikaishia hapo.

Kundi moja tu lilifanya kazi ya maana. Walitengeneza milima ya Udzungwa, reli na stesheni, vyote kwa ugali na viazi vitamu. Kilikuwa kitu kizuri kwa kweli, na maporomoko ya maji waliyaweka kwa uzi mweupe. Nikakiweka dirishani kikauke ili nikakioneshe mstarini. Kesho yake tukakuta nyani wawili wamekaa dirishani wanamaliza mlima. Stesheni ilishakwenda. Watoto walilia, nami nikawa sijui nilie au nicheke. Tangu siku hiyo kitu cha kufinyanga ni udongo, tena udongo wa mfinyanzi, na darasa lina milango mitatu yenye kuta katikati yake.

Mtaniuliza, kwa nini mitatu? Kwa sababu mtoto anaweza kushika mitatu kichwani akitembea kwenda nyumbani. Ukiweka saba, atafika amesahau hata swali. Halafu mpe siku mbili tatu za kubadili mawazo. Mtoto huchagua kwanza alichochagua rafiki yake, kisha usiku akilala ndipo anakumbuka anachokipenda.

Jambo jingine, jueni bonde lenu. Hapa kwetu mpunga ukianza kutoa masuke, darasa linapungua. Wazazi wamehamia shamba, wameinua dungu lao, kijumba cha kulindia mpunga, juu ya nguzo, na watoto wako kule wanaamia ndege tangu alfajiri. Mwalimu mgeni atajaza mahudhurio kwa kalamu nyekundu na kununa. Mwalimu wa hapa atatoa kazi inayoweza kufanyika juu ya dungu. Huko hakuna meza, lakini kuna matete, kuna udongo, kuna kwelea wanaokuja makundi kwa makundi, na kuna muda mrefu wa kufikiri. Nimewahi kuletewa dungu dogo la vijiti, limefungwa vizuri kwa kamba za mgomba, na mtoto aliyelitengeneza alikuwa ametoka shamba siku hiyo hiyo, miguu ina tope. Nilikuwa nimeshika kalamu nimpunguzie alama, maana dungu halikuwa na ngazi.

"Ngazi iko wapi?"

"Nimeipandisha juu, madam. Watu wakishalala ngazi haiachwi chini."

Nikachungulia ndani ya kile kijumba, nikaona ngazi ya njiti za kiberiti imelazwa sakafuni. Basi kabla ya kukata alama, ulizeni. Kuuliza hakuli muda mrefu.

Sasa niwaambie kilichonifanya niandike yote haya. Neema aliniuliza swali la mwisho usiku ule, akiwa amekwisha kupoa. Alisema, "Mama, na yule asiyetaka mlango wowote? Ninaye mmoja. Hasemi, hachori, anaandika mistari miwili na kunyamaza."

Nikamwambia nami nilikuwa na wangu. Anaitwa Milembe.

Nilipomfundisha nilikuwa nimeshahamia shule iliyo pembeni mwa Ifakara, upande wa Katindiuka, ndiyo shule niliyostaafia. Milembe alikuwa darasa la sita. Wazazi wake ni Wasukuma, walikuja bondeni na ng'ombe akiwa mdogo, wakajenga mbali kidogo na mashamba ya wenyeji. Alikuwa mrefu, msafi, anakaa dawati la nyuma karibu na mlango. Alipofika darasa la tatu alisoma kwa sauti, wenzake wakaiga matamshi yake na kucheka, naye akafunga mdomo. Aliufunga kweli. Ukimwuliza swali anasimama kwa heshima, anatazama chini, na anabaki amesimama mpaka umwambie kaa. Kwenye daftari aliandika kidogo na kwa uangalifu, sentensi fupi fupi, kama anayeazima maneno na kuogopa kuyavunja. Nilimpenda mtoto yule, na sikujua nimfikieje.

Siku moja baba yake akaja ofisini. Mzee Masanja, mtu mrefu mwenye fimbo, shuka limekunjwa begani. Alinisalimu kwa lugha yake, "Mwangaluka," nami nikamwitikia vivyo hivyo kwa kubahatisha, akatabasamu. Nikampa kiti, akakaa, akaweka fimbo magotini.

"Mwalimu, sisi tunahama. Mpunga ukishavunwa tunakwenda na ng'ombe kusini, Lindi huko. Dada yangu yupo hapa Katindiuka, anafanya biashara ya mchele. Amesema nimwachie Milembe amalize darasa la saba."

"Amesema vema, baba."

"Ngoja. Nyumbani Milembe anaongea. Anaongea na mama yake, anaongea na ng'ombe, mpaka namwambia nyamaza. Hapa nasikia haongei. Sasa mimi nimwache mtoto wangu mbali na mama yake, akae miaka miwili kimya kwenye shule hii? Anapata nini?"

Nilimwambia ana akili, na kwamba mtihani wa kuandika anafaulu kwa shida lakini anafaulu. Akasikiliza mpaka mwisho, kwa adabu.

"Mimi sikusoma, mwalimu. Mtihani siujui. Nikimsikia anasema mbele ya wenzake, nitamwacha. Nisipomsikia, anakwenda na sisi. Nimemwambia hivyo hivyo yeye."

Akanyanyuka, akaaga. Niliumia, lakini sikuweza kumlaumu. Alikuwa anauliza jambo ambalo mimi mwenyewe nilipaswa kuliuliza.

Wiki hiyo somo la Kiswahili lilikuwa maelezo ya hatua kwa hatua. Nikachora milango mitatu ya Mwalimu Gaudensi, na juu yake nikaandika: *Eleza kazi moja inayofanyika kwenu nyumbani, ili mtu asiyeijua aweze kuifanya.* Andika, au chora hatua zake, au simama uwafundishe wenzako. Pembeni, kwa chaki hafifu, nikachora mlango wa nne usio na neno.

Huo wa nne ndio siri aliyoniachia Mwalimu Gaudensi. Alisema, "Uchore kila mara. Usiutie komeo, urudishe tu. Wengi hawatauona. Atakayeuhitaji atausukuma mwenyewe." Maana yake mtoto akija na njia yake ambayo wewe hukuifikiria, na inafika mtoni, mruhusu.

Darasa likachangamka. Mmoja alichagua kuandika jinsi ya kutengeneza pepeta, ule mpunga mchanga wa kukaanga na kutwanga, mwingine kuchora kutega migono ya samaki, na Zawadi, binti mwenye mdomo kuliko wote, akajiandikisha kwenye kusimama na kufundisha kusuka ukili wa mkeka. Milembe hakujiandikisha popote. Siku ya kwanza ikapita, ya pili ikapita. Mwalimu mwenzangu ofisini akaniambia nimwandikishe mwenyewe mlango wa tatu, baba yake si anataka kumsikia? Nami mkono uliniwasha kweli. Lakini mtoto ukimchagulia mlango, umemsukuma ndani, na yule aliyesukumwa hutafuta pa kutokea kabla hajatazama nyumba. Nikajizuia, na kujizuia huko ndiko kazi ngumu kuliko zote nilizozifanya katika ualimu.

Siku ya mwisho ya kuchagua, kengele ya kutoka ilipolia, nikawa nafuta ubao. Nikahisi mtu nyuma yangu. Milembe alikuwa amesimama, mkoba mgongoni, macho kwenye ile chaki hafifu ambayo nilikuwa sijaifuta.

"Madam," akasema. Sauti yake ilikuwa nzito kuliko nilivyodhani. "Huu bado upo?"

"Upo."

"Kazi yangu haiingii darasani."

"Kazi gani?"

"Kukamua."

Nikaweka dasta chini taratibu, nisije nikamtisha. Nikamwuliza kama atafundisha yeye. Akasema, "Ng'ombe akiwepo. Nikimshika ng'ombe siogopi."

Nilitoka pale nikikaribia kukimbia. Mwalimu mkuu nilimkuta kwenye bustani. Mwalimu mkuu wetu alikuwa mtu mwema, ila alikuwa na udhaifu mmoja, bustani ya shule. Tembele na mchicha ule aliumwagilia mwenyewe, na mbuzi wa jirani walishaumaliza mara moja, akaugua siku mbili. Nilipomwambia habari ya ng'ombe alisimama na ndoo mkononi, maji yakamwagika kwenye kiatu chake.

"Ng'ombe? Ndani ya geti?"

Nikambembeleza. Nikamweleza habari ya baba. Akaweka ndoo chini.

"Haya. Ng'ombe mmoja, amefungwa, chini ya ulinzi wa mzazi. Lakini ndama asivuke geti hili. Ndama hana akili, atanimalizia bustani."

Nikashukuru kwa mikono miwili. Mimi ni mtoto wa wakulima wa mpunga. Niulize kambale, niulize mbegu, lakini ng'ombe nilikuwa namjua kwenye sahani. Nikamfuata Milembe asubuhi nikamwambia, "Umekubaliwa. Ng'ombe aje, ndama hapana." Akafungua mdomo, akaufunga, akaitikia kwa kichwa. Mimi nikaenda zangu nikifurahi.

Siku ikafika. Kipindi cha kwanza, jua bado halijawa kali, darasa la sita lote likatoka nje na kukaa kwenye nyasi nusu duara. Mzee Masanja alifika akimwongoza ng'ombe mwekundu mwenye paji jeupe, jina lake Bahati. Asubuhi ile hakuwa amekamuliwa, kiwele kimejaa. Ndama alifungwa nje ya geti kwenye mti, anaita. Mzee akamfunga ng'ombe kwenye nguzo ya bendera, maana hapakuwa na nguzo nyingine imara, kisha akasogea pembeni, akaegemea fimbo yake. Alikuja kusikiliza.

Milembe akaosha kiwele kwa maji ya vuguvugu aliyokuja nayo kwenye chupa. Akafunga miguu ya nyuma kwa kamba. Mikono yake ilikuwa inajua, lakini mdomo ulikuwa bado umefunga. Akachuchumaa, akaweka jagi, akabana. Hakikutoka kitu. Akajaribu chuchu nyingine, yakatoka matone mawili. Ng'ombe aligeuza kichwa kutazama geti, akalia, na kule nje ndama akaitikia.

Watoto wakaanza kunong'ona. Mmoja akasema, "Ng'ombe mwenyewe mkavu," wakacheka. Nikaona shingo ya Milembe imekakamaa, sawasawa na darasani anaposimama kungoja aambiwe kaa.

Nikamtazama baba yake. Yule mzee alijua shida ni nini. Nimekuja kuamini alijua tangu alipomfunga ndama kwenye mti. Kidole chake kilikuwa kinagonga fimbo, kinagonga, na midomo ameibana. Angesema neno moja tu mambo yangekwisha. Hakusema. Nami wakati ule nilimwona ana moyo mgumu, leo najua alikuwa anajizuia kama nilivyojizuia mimi, na yeye ni mzazi, kwake ilikuwa ngumu zaidi.

Milembe akasimama. Akaweka mkono juu ya mgongo wa ng'ombe, akauacha pale. Akageuka, si kwangu, bali kwa mwalimu mkuu aliyekuwa amesimama kati yetu na bustani yake.

"Mwalimu Mkuu, naomba ndama aingie." Watoto wakageuka wote. "Mama hashushi maziwa kama mtoto yuko nje. Si mkavu. Anamngoja."

Nitakuwa mwongo nikisema sikulia. Nilijifanya chaki imeniingia machoni, na hatukuwa hata na chaki.

Mwalimu mkuu akatazama mchicha wake, akamtazama yule mtoto ambaye alikuwa hajawahi kuisikia sauti yake. "Aingie," akasema. "Lakini mimi nasimama hapa." Akapanua mikono mbele ya bustani kama kipa, na akabaki hivyo mpaka mwisho wa kipindi.

Ndama akaingia kwa kukimbia. Hapo Milembe akaanza kufundisha, na hakunyamaza tena.

"Mwache anyonye kidogo. Kidogo tu, mpaka uone povu mdomoni. Sasa mtoe. Usimpeleke mbali, mfunge hapa mbele, mama amlambe. Akimlamba anatulia. Sasa ukae upande huu wa kulia. Usije kwa nyuma, hujaalikwa." Watoto wakacheka, na safari hii walicheka naye. "Bana juu kwa kidole gumba na hiki. Halafu hivi vingine vishuke kimoja kimoja. Usivute."

Maziwa yakaanza kulia ndani ya jagi. Matamshi yake yalikuwa yaleyale ya darasa la tatu, hayakubadilika hata kidogo, na hapakuwa na aliyeyaiga. Walikuwa wanatazama mikono.

"Zawadi, njoo ujaribu."

Zawadi, aliyecheka kuliko wote miaka ile, akaja ananyata. Akashika, akavuta kama anayeng'oa muhogo. Ng'ombe akavuta mguu uliofungwa.

"Usivute, Zawadi. Hajakukosea kitu. Bana, shusha. Pole pole. Haya, tena."

Mkondo wa kwanza wa Zawadi ulimwagika kwenye kiatu chake, wa pili kwenye sketi, wa tatu ukaingia ndani ya jagi. Darasa likapiga makofi. Nami hapo ndipo nilipoandika alama za Milembe, zote, kwa sababu swali lilikuwa *ili mtu asiyeijua aweze kuifanya*, na Zawadi binti wa mkulima alikuwa anakamua ng'ombe chini ya bendera.

Kengele ilipolia, Mzee Masanja akanifuata. Macho yake yalikuwa mekundu, akasingizia vumbi, nami niliyetoka kusingizia chaki sikumbishia.

"Wabeja, asante sana, mwalimu. Nilisema nikimsikia. Nimemsikia."

"Na mama yake, baba?"

"Atalia," akasema. "Mimi pia. Lakini tutakuja kumwona."

Akafungua kamba ya ng'ombe kwenye nguzo, akamwongoza kuelekea getini, ndama akifuata, mwalimu mkuu akiwasindikiza kwa macho mpaka wapite mchicha. Milembe alikuwa anatembea kando ya baba yake. Walipofika getini mzee akasimama. Akasema maneno kwa Kisukuma, marefu kidogo. Milembe akatikisa kichwa, akakataa. Mzee akarudia. Kisha akachukua kamba akaiweka mkononi mwa binti yake, akamkunjia vidole juu yake, akaondoka peke yake na fimbo bila kugeuka nyuma.

Nikamsogelea mtoto. Alikuwa amesimama na kamba, machozi yanamshuka wala hayafuti.

"Baba amesemaje?"

"Amesema Bahati na ndama wake watabaki kwa shangazi. Amesema mwalimu hawezi kuachwa bila zana zake."

Nilidhani ananitania mimi. Nikamwuliza, "Mwalimu yupi?"

Milembe akainamisha uso kwenye shingo ya ng'ombe, na kutoka huko nikasikia akicheka na kulia kwa pamoja.

"Mimi, madam."